Jibu Lililokwama

1

Wiki ya kwanza Tusekile alikuwa akifika karakanani kabla ya mwenye karakana, anakaa kizingitini na mkoba mapajani mpaka Fundi Mwasomola aje na funguo. Mzee yule alikwishazoea vijana wanaoomba ruhusa ya kuchelewa. Huyu wa kuwahi alimtia mashaka.

"Wewe binti, umefukuzwa kwenu?" alimwuliza siku ya tatu.

"Hapana, fundi. Naipenda tu kazi."

"Watu wa Kyela ninavyowajua mnapenda wali. Kazi mmeanza kuipenda lini?"

Tusekile alicheka, akampokea funguo, akafungua mlango mwenyewe. Alikuwa na furaha ambayo mtu mzima huona haya kuionyesha. Miaka mitatu baada ya kumaliza chuo alikuwa akipanga mayai kwenye trei katika banda la shangazi yake, na kila alipokwenda kuomba kazi aliambiwa aache namba ya simu. Sasa alikuwa na meza yake, kiti chake, seti ya bisibisi na taa yenye lenzi ya kukuzia. Juu ya yote alikuwa na waandani, zile mashine za nyumbani zinazosema na watu.

Mwandani hakufunguliwa kwa bisibisi kwanza. Aliulizwa. Fundi aliliweka mezani lile boksi lenye ukubwa wa mkate, akaliunganisha umeme, akasema, "Habari ya leo? Unaumwa wapi?" Naye mwandani akaeleza: tangu Jumapili sisikii vizuri upande wa jikoni, au, wamenimwagia chai ya maziwa. Bisibisi ilifuata baadaye. Kwa kuwa kila mwandani alijifunza kusema kwa kuisikiliza nyumba yake, hakukuwa na wawili waliofanana. Wa mchungaji mmoja aliomba asaliwe kabla ya kufunguliwa. Mwingine alikuwa amekaa na mume na mke wagomvi kiasi kwamba huwezi kumwuliza hata saa ngapi asikujibu kwanza, "Nani kakwambia nina saa?" Tusekile alirudi nyumbani jioni mbavu zinamuuma kwa kucheka.

Sheria zilikuwa mbili, zimebandikwa ukutani juu ya birika. Ya kwanza, fundi hasikilizi maneno ya nyumba ya mtu. Kwenye kioo chake aliona nyuzi tu: swali ni uzi mwekundu, jibu ni uzi wa kijani, na uongo ungekuwa uzi mweusi. Ya pili, fundi hamfundishi mwandani kusema uongo.

"Hiyo ya pili," Mwasomola alimwambia siku alipotia sahihi, "ilitungwa kwa sababu ya watu waliowafundisha waandani kuwalaghai wazazi wao ili wawanyang'anye mashamba. Ukiivunja, sitangoja serikali. Leseni yako nitaichoma mimi kwenye jiko hili."

"Siwezi kuivunja, fundi."

"Kila mtu hawezi, mpaka siku yake ifike."

2

Jumatano ya wiki ya pili aliingia mwanamume wa miaka arobaini na ushee, koti la mvua limemlowa, akaweka boksi mezani bila kuketi. Alijitambulisha kuwa anaitwa Ambakisye.

"Huyu ni wa mama yangu, kule Iyunga. Anamdanganya."

Tusekile akasimama wima. Uongo lilikuwa jambo kubwa. Aliunganisha nyuzi palepale, akazipitisha kiooni zote, za miaka miwili. Hapakuwa na uzi mweusi hata mmoja.

"Hadanganyi, kaka. Kila anachosema ni kweli."

"Basi ameharibika. Mama ana ugonjwa wa kusahau, anahitaji kujibiwa upesi. Huyu ukimwuliza jambo moja asubuhi, mpaka mama analala hajamaliza kujibu."

"Jambo gani hilo?"

Ambakisye aliangalia viatu vyake. "Wewe si hutakiwi kusikiliza?"

Ilikuwa kweli, naye Tusekile akaona aibu kuuliza. Alipobaki peke yake aliukuza ule uzi. Hajawahi kuona kitu kama kile. Kila asubuhi, saa moja kasoro, swali lilelile jekundu. Baada yake jibu la kijani lililokwenda mpaka jioni, limejaa vifundo, mia tatu na zaidi kwa siku moja, kisha likakatika bila mwisho. Kesho yake likaanza upya. Asubuhi mia saba na kumi na tatu namna hiyo. Vitabuni ugonjwa huo uliitwa jibu lililokwama. Kifundo hutokea pale mwandani anaposita, akamtazama mwenye nyumba usoni, ndipo akaendelea. Kusita mara moja ni adabu. Kusita mara mia tatu ni hitilafu, ndivyo alivyofundishwa, na mtihani wa swali hilo alipata alama zote.

"Habari ya leo?" alimwuliza mwandani. "Unaumwa wapi?"

"Siumwi," mwandani alijibu. Alikuwa na sauti ya upole, ya mtu aliyekaa na wazee.

"Jibu lako mbona halifiki?"

"Linakwenda. Bado tu."

Tusekile alicheka. Alimwita Mwasomola aje asikie, na mzee akasema ndiyo, wapo wagonjwa wa namna hiyo, hata binadamu wapo. Wakacheka wote wawili. Baadaye Tusekile angekumbuka kicheko hicho akatamani kujizaba kofi, kwa sababu katika waandani wote aliowahi kuwauliza wanaumwa wapi, huyu peke yake ndiye aliyesema haumwi, na huyu peke yake hakuaminiwa.

Alivifungua vifundo kimoja kimoja kwa siku mbili. Chai ilipoa mezani. Ilikuwa kazi ya mikono mitulivu na macho makali, nayo ilimkaa moyoni kuliko kitu chochote alichowahi kufanya maishani. Ijumaa adhuhuri alilipima jibu. Lilitoka kwa sekunde moja na nusu, limekamilika, kijani tupu.

Mwasomola aliinama kiooni akatazama muda mrefu. Mzee huyo kumsifu mtu kulimuuma kama kung'olewa jino.

"Hii," alisema, "mimi nisingeiweza."

3

Ambakisye alikuwa safarini Tunduma kikazi, akaomba kwa simu mwandani apelekwe moja kwa moja kwa mama yake. Tusekile alijitolea. Hakutaka kumpa mtu mwingine furaha hiyo. Jumamosi asubuhi, ukungu wa Juni haujainuka, alibisha hodi kwenye nyumba ya matofali mekundu karibu na reli.

Bibi Subilaga alimfungulia akiwa amejifunga khanga juu ya sweta. Hakujua mgeni ni nani, wala hilo halikumzuia kumkaribisha.

"Ingia, mwanangu, baridi hii itakuua. Uji uko tayari."

Jikoni kulikuwa na vikombe viwili vya bati. Kimoja alimpa mgeni. Cha pili alikifunika kwa sahani. Kwenye kiti kulikuwa na fulana ya sufu ya kiume anayoifuma, imebaki mkono mmoja. Tusekile aliuonja uji, akausifu, akamweka mwandani kwenye kibao chake ukutani na kumwasha. Alisimama pembeni mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo anayoyajua.

Bibi akamgeukia mwandani kwa mazoea. "Eti, Baba Ambakisye amekwishaamka? Uji wake unapoa."

Sekunde moja na nusu.

"Baba Ambakisye alifariki dunia, mama. Ni mwaka wa pili sasa. Alizikwa Iyunga."

Mwiko ulianguka. Bibi Subilaga alimtazama mwandani, kisha akamtazama Tusekile, kana kwamba mgeni angeweza kusahihisha. Halafu akapiga yowe. Tusekile alikuwa ameusikia ukunga wa msiba mara nyingi, kwao husikika tangu mtu yuko mgongoni kwa mama yake. Huu ulikuwa wa kwanza aliousababisha yeye. Akakaa chini.

Majirani walikuja mbio, wanawake wanakaza khanga viunoni huku wanakimbia, maana yowe la asubuhi halingojwi. Wakamshika bibi, wakamlaza mkekani. Mama mmoja mnene wa nyumba ya pili alisikiliza kilichotokea, akamvuta Tusekile nje mpaka penye kamba ya nguo.

"Wewe ndiye umemtengeneza huyo mwandani?"

"Ndiyo, mama. Jibu lake lilikuwa limekwama."

"Halikukwama." Hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyomwumiza zaidi Tusekile. "Kwenu mtu akifiwa mnampigia simu mnasema baba yako amekufa?"

"Hapana, mama."

"Mnasemaje?"

"Tunasema anaumwa. Aje nyumbani." Tusekile alishika kamba ya nguo. "Akifika njiani tunasema amezidiwa. Akifika nyumbani wazee wanamketisha."

"Basi na huyo alifanya hivyohivyo. Siku mumewe, Mzee Anyandwile, alipofariki tulikubaliana bibi aambiwe taratibu, na mwandani yuko ukutani anasikia. Kesho yake bibi amesahau, anauliza mumewe yuko wapi, hakuna kati yetu mwenye moyo wa kurudia. Mwandani akaanza yeye. Akaanzia mwanzo kabisa, siku ya kikohozi. 'Baba alianza na kikohozi, mama.' Bibi akachemsha tangawizi. Akimwona ametulia anaongeza kidogo, akimwona uso umebadilika anaacha. Mchana wamefika kwenye homa. Jioni, hospitali siku ya kwanza. Bibi analala. Mzee aliugua siku kumi na tisa, mwanangu. Siku moja haitoshi kufika mwisho."

Ndani ya nyumba bibi alikuwa akimwita mumewe kwa jina lake la ujana.

"Alikuwa anauguza," mama yule alisema. "Tangawizi, uji, ile fulana. Miaka miwili anamwuguza mumewe. Mwanawe ndiye hakuweza kuvumilia kuona uji wa marehemu unamwagwa kila jioni, na simlaumu. Angekuja kutuuliza sisi."

4

"Virudishe," Tusekile alimwambia Mwasomola Jumatatu. "Vifundo. Nionyeshe namna."

Mwasomola alivua miwani. "Havirudi. Vile hakuvifunga fundi. Alivifunga mwenyewe, kwa kumtazama bibi usoni asubuhi mia saba. Wewe umefungua, njia imeota nyasi."

"Nilimwuliza akasema haumwi. Nikamcheka."

"Tulimcheka wote." Mzee aliinuka akamimina chai, akaisahau mkononi. "Unaweza kumzima kabisa. Lakini nani atamkumbusha dawa? Nani atamwambia jiko linawaka? Au ipo ile njia ya mstari mmoja. Unaijua."

Tusekile aliijua. Mzee amesafiri, mama. Uzi mmoja mweusi, kazi ya dakika mbili. Alitazama karatasi ya sheria juu ya birika. Alitazama meza yake, taa yake, kiti ambacho mgongo wake ulikuwa umekwishakizoea. Mwasomola alitoka nje na chai yake, akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Tusekile alimpigia Ambakisye. Simu iliita sana.

"Nilitaka alie mara moja amalize," Ambakisye alisema alipopokea. "Matanga tulianua, arobaini tukafanya, kila mtu akarudi kazini, yeye bado anampikia. Nikadhani akiambiwa wazi atalia kama sisi, halafu itapita."

"Haipiti, kaka. Kesho yake anaambiwa tena."

"Najua. Jirani amenieleza."

"Njoo umwone."

"Siwezi kumzika baba kila asubuhi, dada. Nimejaribu kujishurutisha. Siwezi." Akakata.

Kila asubuhi kabla ya kazi Tusekile alikwenda Iyunga, akasimama kwenye kona ya reli, pale alipoweza kusikia. Jumanne yowe lilipopigwa walikuja majirani sita. Jumatano wawili. Alhamisi alikuja yule mama mnene peke yake, anatembea. Watu si wabaya. Wana watoto wa kupeleka shule, na mwili wa binadamu hauwezi kukimbilia msiba uleule kila siku.

Ijumaa bibi alilia hakuja mtu.

Tusekile alisimama pale kwenye kona anangoja mlango wowote ufunguke, na hakuna uliofunguka. Watu walipita na ndoo zao. Hajawahi kusikia mtu akipiga yowe la msiba mpaka akanyamaza mwenyewe. Akafunga safari ya kurudi mjini analia njia nzima, na mtu alipomwuliza kulikoni akajibu kwamba amefiwa.

5

Jumamosi aliingia kabla bibi hajaamka, kwa ufunguo alioazimwa na jirani. Alimshusha mwandani akamweka mezani, akatoa kompyuta yake ndogo. Mstari mmoja.

"Unanifundisha nini?" mwandani aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kumwambia bibi kwamba mzee amesafiri."

Mwandani akasita. Tangu atengenezwe hakuwa amesita hata mara moja. "Atamngoja," alisema. "Atatoka barabarani kumngoja. Kule ni relini."

Mikono ya Tusekile ilikuwa juu ya vitufe. Aliiona leseni yake ikiungua kwenye jiko la Mwasomola, na hilo lilimwogopesha, lakini halikuwa ndilo lililomzuia. Alimwona bibi kizee kwenye ukungu, fulana ya sufu mkononi, anamngoja mume aliyekuwa dereva wa treni, kwenye reli ambayo siku hizi treni zake hazina dereva. Akaondoa mikono.

"Swali hilo usilijibu kabisa," alisema. "Nitalijibu mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Wewe unitazame. Ulijifunza kwa kutazama, utajifunza tena." Hakuwa ametunga uongo. Angeanza mwanzo, angesema kweli tupu, taratibu, kama alivyofanya mwandani. Aliona ni deni linalolipika, hata kama ni kwa asubuhi mia saba.

Mlango wa chumbani ulilia. Bibi Subilaga alitoka, akamkuta mgeni jikoni anachochea uji, akamsalimu kana kwamba ndivyo siku zote ilivyo. Akaweka vikombe viwili. Akamgeukia mwandani.

"Eti, Baba Ambakisye amekwishaamka?"

Mwandani hakujibu. Tusekile alimpa bibi mwiko.

"Bibi," alisema. "Mzee alianza na kikohozi."

"Kikohozi?"

"Kidogo tu. Cha usiku." Akasita, akamtazama usoni kama alivyopanga. "Ilikuwa baridi."

Bibi hakwenda kwenye tangawizi. Aliushusha mwiko polepole, akavuta kiti, akakaa mbele ya Tusekile, magoti yao yakakaribia kugusana. Alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, macho yake makavu na yenye akili zote.

"Mwanangu, wewe ni wa wapi?"

"Kyela, bibi."

"Umetoka huko alfajiri yote hii uje kuniambia kikohozi?"

Hapo ndipo Tusekile alipoelewa kosa lake la pili. Mwandani akisema taratibu, ni mashine, huenda ndivyo ilivyo. Binadamu akisema taratibu namna ile, kila mtu aliyelelewa na watu anajua analetewa nini. Machozi yalikuwa yamekwisha kumtoka, na alijua bibi ameyaona.

"Amefariki?" bibi aliuliza.

"Ndiyo, bibi."

Yowe halikuja. Bibi Subilaga aliuchukua mkono wa Tusekile akauweka kati ya mikono yake miwili, akawa anaupapasa.

"Pole, mwanangu," alisema. "Pole sana. Watu wazima wote wamejificha, wamekutuma wewe mtoto." Alikuwa anafikiri, kama mama anayehesabu nani yuko ndani na nani yuko nje. "Ambakisye ameshaambiwa?"

Tusekile aliitazama simu yake.

"Bado. Basi msimwambie kwenye simu. Huyo ana moyo mwepesi tangu mdogo, ataanguka njiani. Mwambieni baba yake anaumwa, aje. Basi. Mengine ataambiwa na mimi hapahapa. Piga, mwanangu, mimi mikono hainitii."

Tusekile alipiga. Safari hii Ambakisye alipokea mara moja.

"Kaka," alisema, na bibi alikuwa amemkazia macho, "mama anasema mzee anaumwa. Anasema uje nyumbani."

Alimsikia anavuta pumzi, mtu mzima aliyemzika baba yake miaka miwili iliyopita kwa mikono yake.

"Anaumwa sana?" Ambakisye aliuliza hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya kijana.

"Amezidiwa."

"Mwambie nakuja. Mwambie nipo njiani."

Tusekile alishusha simu. "Anakuja, bibi."

"Umemwambia taratibu?"

"Nimemwambia taratibu."

"Ndaga, mwanangu, asante." Bibi Subilaga aliinuka akazima jiko. Akafunua kile kikombe cha pili, akakitazama, akakifunika tena. Kisha akakaza khanga kiunoni, akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, akamngoja mwanawe. Hapo ndipo alipoanza kulia, kwa sauti ya chini, asije akasikika barabarani kabla mtoto hajafika.